Nchi Isiyokuwa na Mara ya Kwanza

Msiniulize Kidawa alipita njia gani hata akafika Pilini. Nikiwaambia mtaanza kufunga mizigo, na nchi ile haipendi wageni wengi kwa mpigo. La maana ni kwamba alifika mchana, ana kikapu kimoja na umri wa miaka arobaini na mitatu, na kilichomshangaza kabla ya yote kilikuwa migongo ya watu. Yote ilikuwa na madoa. Kanzu za waungwana, magauni ya bibi harusi, shati la askari aliyesimama getini, nyuma kote zambarau, kijani na nyekundu. Kidawa alidhani ni sikukuu ya mahali pale. Akanyamaza, maana mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni wa maswali mengi humtia mwenyeji homa.

Kwao Kidawa alikuwa mtu wa jikoni, ila si jiko la nyumbani. Harusi ikitangazwa au msiba ukitokea, wanawake wa mtaa waliulizana jambo moja tu: "Kidawa ameshaambiwa?" Si kwamba alikuwa mpishi hodari. Pilau yake, tuseme ukweli, ilikuwa ya kumshukuru Mungu tu. Kazi yake ilikuwa watu. Alijua nani akae kwenye vitunguu na nani kwenye nyama, nani asiwekwe jiko moja na wifi yake, nani ana mtoto mchanga aruhusiwe mapema, na nani akisifiwa kidogo atakoroga mpaka sufuria la mwisho bila kunung'unika. Miaka ishirini alifanya hivyo, watu hamsini kwa shughuli moja, na hawakuondoka hata siku moja wamenuniana.

Siku aliyosikia kwamba wako watu wanaofanya hayohayo ofisini, tena wana meza, kiti na cheo, moyo ulimdunda kama wa msichana. Akaomba kazi ofisi sita. Zote zilimwuliza swali moja: "Ulishawahi kufanya kazi hii?" Akianza kueleza habari za masufuria, walitabasamu, wakamfungulia mlango wa kutokea. Ndipo alipoapa kwamba Pilini ni jaribio la mwisho. Akikosa na huku, atarudi kukaa kwa kaka yake, na hatamwambia tena mtu yeyote kwamba aliwahi kutaka kitu.

Masikini, hakujua ameingia nchi gani.

Sheria kuu ya Pilini huitwa Sheria ya Pili, kwa sababu ya kwanza hawana. Inasema hivi: Mtu asifanye asilowahi kufanya. Inasemekana iliandikwa baada ya daraja lililojengwa na fundi mgeni wa kazi kuanguka na mbuzi juu yake. Mbuzi yule ana kaburi lenye uzio na mlinzi. Tangu hapo watoto wa Pilini huhesabu kuanzia mbili. Mtu haruhusiwi kuogelea mtoni mpaka alete ushahidi kwamba alishaogelea. Baraza lao lilijadili miaka minne iwapo mtoto mchanga anaweza kuruhusiwa kutembea hali hajawahi kutembea, na wazee wakagawanyika vibaya, hata mmoja akapendekeza kwamba aruhusiwe kuanguka, kwa kuwa kuanguka ameshaanguka. Hoja ikapita kwa kura nyingi. Na ofisa yeyote, kabla hajatenda jambo la kiofisi, awe mganga mwenye sindano au kadhi mwenye kalamu, lazima aweke mkono kifuani na kutamka: "Nimewahi, narudia."

Kidawa alipanga chumba kwa mjane mmoja mchangamfu aitwaye Bi Mwanakombo. Ukutani palikuwa na orodha ya watoto wa nyumba: wa pili, wa tatu, wa nne.

"Pole sana, mama," Kidawa alisema. "Wa kwanza alifariki?"

"Afariki wapi na hakuzaliwa!" Bi Mwanakombo akacheka mpaka akashika ubavu. "Ningeruhusiwaje kuzaa, mwanangu, ikiwa sikuwahi kuzaa? Mkunga akaandika wa pili, mambo yakaisha. Pilini nzima hakuna kifungua mimba."

Kisha kicheko kikamwisha, akawa anakunja upindo wa kanga yake. "Ila siku ile niliogopa. Niliogopa mpaka meno yakagongana, na sikuwa na wa kumwambia, maana kwenye karatasi nilikuwa nimeshazoea."

Kidawa akamshika mkono.

Bi Mwanakombo ndiye aliyemletea habari ya kazi. Karakana ya Mikeka, kubwa kuliko zote nchini, ilikuwa inatafuta Mshika-Watu. Huyu ndiye anayeajiri, anayepanga nani akae wapi, anayesuluhisha ugomvi, anayetoa ruhusa za ugonjwa na za uzazi, na anayeachisha watu kazi. Kiti kilikuwa wazi mwaka wa nne. Tangazo lilitaka mtu aliyewahi kuwa Mshika-Watu wa karakana hiyohiyo, na duniani mtu huyo alikuwa mmoja tu, Mzee Ubwa, aliyestaafu. Walimfuata shambani kwake mara nyingi hata akahamia shamba la mbali zaidi. Mwishowe tangazo likalegezwa: aliyewahi popote.

"Popote sijawahi," Kidawa alisema.

"Wewe hukuniambia uliongoza watu hamsini?"

"Jikoni, mama. Hakukuwa na kiti wala cheo."

Bi Mwanakombo alishavuta mtoto wa meza na kutoa karatasi. Kila nyumba ya Pilini ina karatasi hizo. Huitwa hati za nyuma, na huandikwa na shangazi, jirani au yeyote mwenye mwandiko mzuri. Akaandika kwamba mchukuzi wa hati hii alikuwa Mshika-Watu wa Kiwanda cha Sufuria miaka ishirini, na kwamba aliachisha kazi watu thelathini na wawili, kwa haki.

"Hao thelathini na wawili nimewatoa wapi?"

"Bila hao hawatakuamini. Mshika-Watu asiyefukuza wanamwona kama kisu cha mti wa mpapai."

"Lakini ni uongo, mama."

"Si uongo, mwanangu. Ni adabu."

Kidawa alijua kuwa njia ya mwongo ni fupi. Lakini alizifikiria zile ofisi sita, akaufikiria na ua wa kaka yake. Akaitia hati kwenye kikapu.

Walimsaili wawili. Bwana Ngwali alikuwa mkuu wa karakana, mnene, mpole wa sura, mwenye mgongo wa kijani kibichi. Bi Salme alikuwa mtunza sheria, mwembamba, asiyecheka, na kitabu chake hakikumtoka kwapani. Walimwuliza udhaifu wake, na kwa kuwa Bi Mwanakombo alimfunda mapema, akajibu kwamba udhaifu wake ni kutochoka. Wakaandika. Walimwuliza baada ya miaka mitano anajiona wapi, akasema palepale alipo, kwenye kiti hicho, akiwa ameshawahi. Bwana Ngwali alifurahi sana. Alisoma hati ya nyuma kwa nukta moja, kama mtu anayepita mbele ya kioo hataki kujiona, akampa kazi kwa majaribio.

Siku mbili Kidawa alikuwa na furaha ya kweli. Alizunguka akashika majina ya wasukaji sitini. Aliwaondoa vikongwe wawili kwenye jua la adhuhuri akawapa baraza. Aliwatenganisha mtu na shemeji yake waliokuwa wakitupiana vijembe, na akamwambia mama mmoja anyonyeshe kwanza, mkeka haukimbii. Hayo yalikuwa mambo madogo, hayakudai kuweka mkono kifuani. Kiti chake kilikuwa na mto wenye foronya iliyochoka, akaifua mwenyewe. Alipoketi jioni ya siku ya pili aliona kwamba hapa ndipo pake, na akaogopa jinsi alivyopataka.

Siku ya tatu wakamletea kesi ya Zuwena.

Zuwena alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa kwenye banda la rangi. Kosa lake alilitenda mbele ya mashahidi kumi na mmoja. Alimgeukia mzee wa banda akasema: "Babu, rangi hii inatiwaje hata ishike?"

Sisi kwetu tunasema kuuliza si ujinga. Pilini kuuliza ni kukiri. Anayeuliza jambo hufanywaje amekiri kuwa hajawahi kulifanya, na ambaye hajawahi hana haki ya kuwa pale. Kwa hiyo hakuna anayeuliza, na asiyeulizwa hafundishi. Miaka thelathini nyuma aliajiriwa mchovya rangi mwenye hati nzuri asiyejua kitu. Kwa kubahatisha akachovya ukindu kwenye maji baridi badala ya yanayochemka. Aliyemfuata akamwiga, na wa baada yake hivyohivyo. Rangi haikushika hata siku moja. Kila aliyelalia mkeka wa Pilini aliamka na madoa mgongoni, kwenye ngozi na kwenye nguo, na baada ya miaka kadhaa Baraza likatangaza kwamba madoa ni heshima ya taifa.

"Shikamoo, mama," Zuwena alisema mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Wanaokuja kufukuzwa husimama."

"Hapa kwangu watu wanakaa. Haya niambie, kwa nini uliuliza?"

Msichana alikaa ukingoni mwa kiti. "Mama yangu anaumwa. Amelala mwezi mzima kwenye mkeka tuliousuka sisi. Juzi nilipokuwa namwogesha, nikamkuta mgongo wote kijani, nasugua rangi haitoki. Nikaona aibu, mama. Nikasema, huenda yupo anayejua."

Kidawa alitazama pembeni kidogo. Kisha akafanya ambalo wengi wetu tungefanya. "Sikiliza. Kesho uani utaulizwa kama uliwahi. Sema uliwahi. Sema lile swali lilikuwa utani. Hati yako si inasema umechovya miaka mitano?"

"Inasema."

"Basi yataisha."

"Nikisema hivyo, mama," Zuwena alijibu, na sauti yake haikuwa ya ujeuri hata kidogo, "nitachovya kwenye maji baridi maisha yangu yote."

Alipoondoka Kidawa alibaki ameshika tama. Alimkumbuka msichana wa kwao, Mashavu, aliyeunguza mchele wa watu mia mbili siku ya harusi. Jiko zima lilitaka atolewe. Kidawa alimshika mkono ulewule uliounguza, akauweka kwenye mwiko pamoja na wake, wakapika tena wote wawili. Alijiuliza kwa nini alikuwa jasiri vile alipokuwa hana kiti, na sasa anacho anaogopa.

Kesho yake wasukaji wote walikusanyika uani. Zuwena alisimama katikati. Bwana Ngwali akasoma kosa, Bi Salme akafungua kitabu. Kidawa akauliza, kama desturi ilivyo: "Zuwena, uliwahi?"

"Sikuwahi," Zuwena alijibu.

Minong'ono ikapita. Ilibaki Kidawa aweke mkono kifuani, atamke maneno mawili, kisha amwachishe kazi. Akauweka mkono. Aliyahisi mapigo ya moyo wake kwenye kiganja. "Nimewahi," lilikuwa neno jepesi, kila mtu pale alilitamka kila siku, lakini kwake lilikataa kutoka. Akauona ua wa kaka yake, mkeka wake wa pembeni, na ukimya wa miaka iliyobaki. Akasema moyoni, liwalo na liwe.

"Sijawahi," akasema.

Akaushusha mkono, akaendelea:

"Hati yangu imeandikwa kwa huruma, lakini si ya kweli. Sikuwahi kukaa kwenye kiti kama hiki. Wale watu thelathini na wawili hawapo. Niliongoza wapishi wa shughuli, na sikumfukuza hata mmoja. Hii ni mara yangu ya kwanza."

Watu walijifunika nyuso na kanga. Bibi mmoja aliziba masikio. Maneno 'mara ya kwanza' yalikuwa hayajasemwa hadharani Pilini tangu enzi za yule mbuzi. Ajabu ni kwamba kifua cha Kidawa mwenyewe kilikuwa chepesi.

"Basi umejifukuzisha!" Bwana Ngwali alipiga kelele, akiwa amesawijika kuliko Kidawa. "Bi Salme, soma!"

Bi Salme hakusoma. Alimtazama Kidawa kwa makini. "Hujawahi kumwachisha mtu kazi?"

"Sijawahi."

"Hata siku mchele umeungua?"

"Hata siku hiyo, bibi. Tulipika mwingine."

Bi Salme akageuza ukurasa mmoja, akaurudisha. "Mtu asifanye asilowahi kufanya," alisema. "Huyu hajawahi kuachisha. Kwa hiyo hawezi kumwachisha Zuwena."

"Na yeye mwenyewe je?" Bwana Ngwali aliuliza.

"Anayeachisha kwenye karakana ni nani?"

"Mshika-Watu."

"Ni nani huyo?"

Bwana Ngwali akamtazama Kidawa. "Ni huyu."

"Basi mwulize kama aliwahi kujiachisha."

Ikaamuliwa apelekwe mjumbe kwa Mzee Ubwa, kwani yeye bila shaka aliwahi. Watu wakasubiri uani mpaka alasiri. Mjumbe alirudi anahema, akatoa jibu kama alivyopewa: "Sikuwahi. Waliokosa nilijifanya sijawaona. Msinifuate tena, nahama."

Bi Salme akafunga kitabu. Alitamka hukumu kwa sauti ileile kavu: Zuwena na Kidawa wabaki kwenye kazi zao mpaka apatikane mtu aliyewahi kuachisha watu kihalali. Anatafutwa hadi leo. Alipompita Kidawa, bila kumgeukia, alisema polepole, "Nilikitapikia kitabu hiki siku niliyokipokea. Ilikuwa hofu, nikasingizia samaki." Akaenda zake.

Ungedhani watu walishangilia. Hawakushangilia. Walirudi kwenye mikeka yao wameinamisha vichwa, na siku mbili nzima hakuna aliyemsalimia Kidawa. Kila aliyeingia ofisini kwake aligeuka mlangoni. Kidawa alikaa kwenye kiti alichokitamani akaona hakina maana. Kiti amekipata, watu amewakosa, na Mshika-Watu asiyeshika watu ni nani? Zuwena peke yake alikuja, akaleta muhogo wa kuchemsha. Wakala pamoja. Kidawa akaanza kupanga kikapu chake.

Siku ya tatu Bwana Ngwali aliingia, akafunga mlango nyuma yake. Hakukaa kwenye kiti cha wakuu. Alivuta kigoda cha waomba kazi akakikalia, magoti yakamfika kidevuni.

"Bi Kidawa," alisema. Akajifuta jasho. "Mimi ni mkuu wa karakana hii mwaka wa thelathini na mmoja."

"Najua, bwana."

"Hati yangu inasema nilisuka tangu utotoni." Akatazama mlango kama umefungika sawasawa. "Hivi... mkeka unaanzia wapi? Katikati au ukingoni?"

Kicheko kilimfika Kidawa kooni, halafu akaiona mikono ya yule mzee. Ilikuwa laini, haina hata kovu la ukindu. Kicheko kikayeyuka.

"Sijui, bwana," akasema. "Mimi ni mtu wa masufuria. Twende tukaulize."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Nitauliza mimi, wewe utasikiliza."

Wakatoka pamoja. Wasukaji waliinua macho wakayashusha. Kidawa aliongoza moja kwa moja barazani, kwa mmoja wa vikongwe aliowatoa juani, Bi Mtumwa, ambaye vidole vyake vilikuwa mashuhuri kwa wepesi nchi nzima. Akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, bibi. Tumekuja kuuliza. Mkeka unaanzwaje?"

Vidole vya Bi Mtumwa vikasimama. Alimtazama Kidawa, akamtazama na mkuu wake, na midomo ikaanza kumcheza. "Na mimi sikuonyeshwa," alisema. "Nilijifunza kwa kufumua ya wenzangu walipokwenda kula. Nafumua, natazama, nasuka haraka kabla hawajarudi. Miaka mingapi nimekula chakula kimepoa." Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, na hakuyafuta. "Haya, kaeni chini."

Wakakaa. Bi Mtumwa alichagua ukindu mwembamba, akauweka kwenye mikono ile laini ya Bwana Ngwali, akamkunja kidole kimoja baada ya kingine. Akamwonyesha kwamba mkeka hauanzi katikati wala ukingoni, unaanza na ukili, utepe mmoja mrefu wa kusukwa ambao baadaye hushonwa. Bwana Ngwali alipitisha chane ya ukindu juu, akapitisha chini, ulimi umemtoka kwa kujitahidi.

"Umekosea hapa," Bi Mtumwa alimwambia taratibu.

Uani kote mikono ilikuwa imetulia. Bwana Ngwali akauinamia ukili wake. Miaka thelathini na mmoja hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo, naye akalipokea kwa uso wa mtu aliyefika nyumbani amechoka akakuta maji ya kuoga yameshatengwa.

"Wapi?" akauliza. "Nionyeshe."

Kidawa alihisi mkono begani. Alikuwa Zuwena, na nyuma ya Zuwena yule mzee wa banda la rangi, na nyuma yake mama mwenye mtoto mgongoni, na wengine wakija. Kidawa akasogea kando ili wapate pa kukaa.